“Nimekisoma mara mbili na bado sijui nani kamuua nani”: kuhusu vitabu vya mwisho vya Agatha Christie

Swali:

“Shikamoo Mwalimu. Marehemu baba yangu alikuwa karani wa reli Tabora, na katika vitu alivyotuachia kuna sanduku zima la vitabu vya Agatha Christie, yule Mwingereza wa riwaya za upelelezi. Nimevisoma tangu niko sekondari, ila kwa kudonoadonoa. Mwaka jana nikaamua kuvisoma vyote kwa mfuatano wa miaka vilipotoka. Mambo yalikwenda vizuri mpaka nilipofika ‘Passenger to Frankfurt’ cha 1970. Hakuna Poirot, hakuna Miss Marple, wale wapelelezi wake tuliowazoea, ni habari za majasusi na njama ya kuitawala dunia, na mwisho wake sikuuelewa. ‘Elephants Can Remember’ kikanichosha. ‘Postern of Fate’ cha 1973 nimekisoma mara mbili na bado sijui nani kamuua nani wala kwa nini. Halafu nikafungua ‘Curtain’ cha 1975, nikamkuta Christie yule yule wa zamani, kila kitu mahali pake! Nilikasirika sana. Maana yake uwezo alikuwa nao, ila pale katikati alituona wajinga, akaandika ilimradi, tutanunua tu. Mume wangu ananicheka, anasema mwandishi hana deni na mtu. Na kuna jambo linanitisha ambalo hata yeye sijamwambia: huenda tatizo ni mimi. Nina miaka 53, siku hizi nasahausahau, na baba mwishoni alikuwa akiuliza jambo moja mara tano kwa asubuhi moja. Kosa ni la nani? Na wanangu wakitaka kulifungua sanduku hili, waanze na kipi?”

Jibu:

Marahaba, binti yangu. Nimeirudia barua yako, na kila mara nimekwama pale pale, kwenye maneno yako kuhusu ‘Curtain’. Umeyapitia haraka, lakini hasira yako yote imesimama juu yake. Tuanze hapo.

‘Curtain’ kilitoka mwaka 1975, hilo ni kweli. Lakini hakikuandikwa mwaka huo. Christie alikiandika katika miaka ya 1940, Vita Kuu ya Pili ikiendelea, wakati mtu wa London alikuwa analala bila hakika ya kuamka. Alikuwa mwenye umri wa kama miaka 50, karibu na umri wako wewe. Aliwaza kama anavyowaza mama yeyote mwenye familia katika hatari: nikifa, watabaki na nini? Akaandika vitabu viwili vya akiba. Kimoja kilikuwa cha kumaliza habari za Poirot, akamwekea binti yake Rosalind. Kingine kilikuwa cha Miss Marple, akamwekea mumewe Max. Miswada hiyo ikafungiwa benki, ikakaa huko zaidi ya miaka 30. Ilipofika 1975 afya yake ilikuwa imeshuka na hapakuwa na kitabu kipya, ndipo ‘Curtain’ kikatolewa. Tarehe 6 Agosti mwaka huo gazeti la The New York Times lilichapisha taazia ya Poirot ukurasa wa kwanza, kana kwamba amekufa mtu wa damu na nyama. Christie mwenyewe alifariki tarehe 12 Januari 1976, na kile cha Miss Marple, ‘Sleeping Murder’, kikatoka baadaye mwaka huo huo.

Kwa hiyo ulipofunga ‘Postern of Fate’ na kufungua ‘Curtain’, hukumkuta bibi wa miaka 85 aliyezinduka ghafla. Ulirudishwa nyuma miaka 30 bila kuambiwa. Ulitoka kwenye sauti ya mwanamke wa miaka 83 ukaingia kwenye sauti ya mwanamke wa miaka 50, na majalada yakakudanganya kwamba miaka imesonga mbele. Ushahidi uliomhukumia, kwamba uwezo alikuwa nao akaamua kutoutumia, haupo. Naomba uuondoe kabla hatujaendelea.

Kuna dhana nyingine inahitaji kurekebishwa, nayo ni kwamba uzee ndio uliomtoa kwenye njia yake akakimbilia majasusi. Hapana. Christie aliandika kwa mikono miwili tangu mwanzo. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1920, hicho cha Poirot. Cha pili, mwaka 1922, kilikuwa ‘The Secret Adversary’, nacho ni kisa cha majasusi kitupu. Ndimo tulimokutana mara ya kwanza na Tommy na Tuppence, wale wale wazee wa ‘Postern of Fate’, wakiwa vijana wasio na kazi baada ya vita. Mwaka 1924 akaandika ‘The Man in the Brown Suit’, mwaka 1951 ‘They Came to Baghdad’, mwaka 1954 ‘Destination Unknown’. Vyote hivyo ni vya mbio, njama na watu wenye majina ya bandia. Kama umevisoma kwa mfuatano, umevipita bila kukasirika. Basi ‘Passenger to Frankfurt’ hakikukuumiza kwa sababu ni cha majasusi. Kuna jambo jingine.

Tena kuna kuacha njia ambako ni ujasiri. Kati ya 1930 na 1956 Christie alitoa riwaya sita kwa jina la Mary Westmacott, hazina maiti wala mpelelezi, ni mambo ya ndoa, watoto, na watu wanaojidanganya wenyewe. Alilificha jina lake kwa karibu miaka 20, nami naamini aliwafikiria wasomaji kama wewe: asingependa mtu anunue kitabu akitafuta muuaji, akakuta mama anagombana na bintiye. Mwaka 1926, alipotoa ‘The Murder of Roger Ackroyd’, wako waliolalamika kwamba wamechezewa rafu. Sitasema kwa nini, maana wanao watakisoma. Leo kitabu kile kile kinahesabiwa miongoni mwa vitabu vikubwa vya fani hii. Nasi tunalijua jambo hili nyumbani. Euphrase Kezilahabi alipotoka kwenye ‘Rosa Mistika’ na ‘Kichwamaji’ akaja na ‘Nagona’ mwaka 1990 na ‘Mzingile’ mwaka uliofuata, wengi wetu tulikuna vichwa. Nilikuwa mmoja wao. Ilinichukua miaka kukubali kwamba hakuwa amepotea njia. Mimi ndiye niliyekuwa nimekaa kwenye kituo cha zamani nikimsubiri.

Sasa, utajuaje kama mwandishi amehama kwa hiari yake au nguvu zimemwishia? Tazama kama kitabu kinatimiza ahadi zake chenyewe.

Wewe ni mwanamke wa Tanzania, bila shaka umecheza upatu. Kila wiki unatoa fedha yako, humdai mtu risiti, kwa sababu unajua zamu yako itafika. Riwaya ya upelelezi ni upatu kati ya mwandishi na msomaji, ila kinachochangwa ni umakini. Mwandishi anakuambia saa ya ukutani ilisimama saa tisa na dakika ishirini, nawe unaweka. Mtumishi amebadilisha vazi, unaweka. Yule daktari alisita kidogo kabla ya kujibu, unaweka. Unachanga kurasa 200, tena kwa furaha, kwa sababu sura ya mwisho ni zamu yako ya kupokea. Sasa fikiria umechanga mpaka mwisho, halafu mshika fedha anakutazama kwa upole na kusema hakumbuki ulichanga nini. Hicho ndicho ‘Postern of Fate’ kilichokufanyia. Uchungu ulioupata ni wa haki kabisa, na hata ungesema umesalitiwa nisingeshangaa. Lakini mshika fedha aliyesahau na mshika fedha aliyekula ni watu wawili tofauti.

Niingie kidogo jikoni, kwa sababu nadhani ukijua kazi hii inavyofanyika utaona mwenyewe kilichoharibika.

Riwaya ya aina hii hushonwa kuanzia mwisho. Mwandishi huanza na jibu: nani, kwa nini, kwa njia gani. Kisha hurudi nyuma akilifukia jibu hilo vipande vipande mahali ambapo msomaji atapakanyaga bila kupaona. Christie ameacha madaftari 73 ya maandalizi yake, na ndani yake unamwona akifanya kazi hiyo: anaandika njia moja ya kuua, anaipa herufi A, anaandika nyingine B, nyingine C, anazipima, anatupa, anarudia. Akishachagua, kila sentensi inabebeshwa kazi mbili. Msomaji wa mara ya kwanza aione ya kawaida, na msomaji wa mara ya pili apige paja na kusema, kumbe ilikuwa hapa! Ili hilo litokee, mwandishi lazima ashike kichwani kwa wakati mmoja nani anajua nini tangu siku gani, nani amemdanganya nani, na msomaji amekwisha kuambiwa kiasi gani. Mimi ninapohariri mswada wa upelelezi hubandika karatasi kubwa ukutani, siku zinashuka upande mmoja, wahusika wanakaa juu, na kila uwongo naujaza kwenye kisanduku chake. Bila karatasi ile siwezi. Waandishi wazuri wana karatasi ile kichwani.

Na hiyo karatasi ya kichwani ndiyo inayoweza kuchanika mapema. Lugha hubaki. Ucheshi hubaki. Mzee anaweza kukupigia soga tamu mchana kutwa, sentensi zake zimenyooka, huku hakumbuki kwamba kisa hicho hicho amekusimulia kabla ya chakula. Kifungue tena ‘Postern of Fate’, popote. Tommy na Tuppence wanazungumza, na mazungumzo yenyewe wala si mabaya; wanataniana kama watu waliooana miaka 50. Lakini wanaambiana leo walichoambiana jana. Miaka haikubaliani. Mtu anatajwa kana kwamba ni muhimu, kisha anayeyuka. Kitabu kinaanza na kidokezo kizuri mno: Tuppence anakuta katika nakala ya kale ya ‘The Black Arrow’ herufi zimepigiwa mstari, akiziunganisha zinasema Mary Jordan hakufa kifo cha kawaida, na muuaji ni mmoja wetu. Christie wa 1935 angeupora usingizi wetu wa wiki nzima kwa mstari huo. Christie wa 1973 ameufunga mlango huo, akaufungua tena, akasahau alikuwa anakwenda chumba gani.

Hili halikuishia kwenye hisia za wasomaji. Mwaka 2009 wasomi wawili wa Chuo Kikuu cha Toronto, Kanada, Ian Lancashire wa fasihi ya Kiingereza na Graeme Hirst wa sayansi ya kompyuta, waliingiza kwenye kompyuta riwaya zake za vipindi mbalimbali, kuanzia za ujana hadi za mwisho. Walihesabu mambo ya kawaida kabisa. Ametumia maneno tofauti mangapi? Amerudia vifungu vile vile mara ngapi? Ametumia mara ngapi maneno yasiyo na sura, ya aina ya ‘kitu’, ‘kitu fulani’, ‘chochote’? Wakaona msamiati unashuka na marudio yanapanda katika vitabu vya mwisho. ‘Elephants Can Remember’, alichokiandika akiwa na miaka 81, kilikuwa na upungufu wa maneno tofauti wa takriban asilimia 30 ukikilinganisha na ‘Destination Unknown’ cha miaka 18 nyuma. Ni kama mtu ambaye zamani alisema ‘kawa’, ‘kata’ na ‘mbuzi ya kukunia nazi’, na sasa anasema ‘niletee ile nanii’.

Wasomi hao waliona dalili zinazofanana na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Tuwe waangalifu hapa, mimi na wewe. Walichopima ni maneno ya vitabu, hawakumpima mtu. Tena Christie alipovunjika kifundo cha mkono mwaka 1952 alianza kusimulia hadithi zake kwenye kinasa sauti, na maneno ya mdomo hutangatanga kuliko ya kalamu. Lakini vitabu kadhaa vizuri sana aliviandika baada ya hapo, kwa hiyo kinasa sauti peke yake hakitoshi kuwa maelezo. Kilichobadilika ni yule aliyekuwa akizungumza nacho.

Na hebu tazama kisa chenyewe cha ‘Elephants Can Remember’, kilichokuchosha. Ariadne Oliver, mwandishi mzee wa riwaya za upelelezi, anaulizwa juu ya vifo vya mume na mke vya miaka mingi iliyopita: ni nani aliyemtangulia kumpiga risasi mwenzake? Anazunguka kwa wazee wenzake mmoja baada ya mwingine kuuliza wanakumbuka nini, na kila mmoja ana kipande kilichochakaa. Mwandishi ambaye maneno yanamtoroka anaandika kitabu kizima kuhusu watu wanaohangaika kukumbuka. Tangu nilipousoma utafiti ule sijaweza kukisoma kitabu hicho kwa kuudhika. Nakisoma polepole, kama ninavyomsikiliza mtu ninayempenda.

Umeuliza kosa ni la nani, nami sitakwepa. Nadhani lipo, lakini silioni kwake. Kwa miongo mingi wachapishaji wake, Collins, walizoea kutoa kitabu chake kimoja kila mwaka kuelekea Krismasi, na watu walikuwa wanakingojea kama tunavyongoja mwezi uandame. ‘Passenger to Frankfurt’ kilitolewa kusherehekea miaka yake 80 na kilitangazwa kuwa kitabu chake cha 80. Wahakiki hawakukipenda, nacho kikauzwa vizuri sana. Katika mazingira hayo ni nani angesimama na kusema, mama, safari hii tupumzike? Hilo neno lilipaswa kusemwa na mhariri. Nasema kwa uchungu kwa sababu nilikuwa mahali hapo. Miaka ya nyuma mzee mmoja, mwandishi niliyemheshimu tangu utoto, aliniletea mswada ambamo mtu aliyezikwa sura ya nne alikuwa anakunywa chai sura ya kumi na moja. Nilishona matobo mwenyewe, usiku, bila kumwambia, nikidhani ndiyo heshima. Kitabu kikatoka, wasomaji wakaona mshono, na wakamlaumu yeye. Nilipaswa kwenda kukaa na watoto wake.

Mumeo sasa. Ana haki nusu. Mwandishi hana deni la kukuandikia Poirot mpaka kaburini. Christie alimchoka mtu yule mapema sana, na akamtumia huyo huyo Ariadne Oliver kutoa dukuduku lake, maana Bi Oliver ana mpelelezi wake kutoka Finland ambaye hamtaki hata kumsikia. Lakini kitabu, kikishakuonyesha mlango uliofungwa, kina deni la kukuonyesha ufunguo, au angalau kukuonyesha kwamba ufunguo umetupwa baharini. Msomeshe mumeo ‘Endless Night’ cha 1967. Hakuna Poirot, hakuna Miss Marple, msimulizi ni kijana maskini mwenye ndoto za kumiliki nyumba. Christie alikuwa na miaka 77 kilipotoka, na ni mbali na kila alichokizoea, na kimekamilika kama yai. Miaka mitatu tu baadaye ndipo kikaja kile cha 1970. Viweke viwili hivyo mezani, mtazame pamoja.

Nije kwenye lile ulilolificha. Mimi ni mtu wa vitabu, si daktari, kwa hiyo nitasema ninachokijua na kuishia hapo. Kupotea ndani ya ‘Postern of Fate’ si dalili ya ugonjwa. Wasomaji wengi wenye akili zao timamu wamepotea humo, kwa sababu njia haipo. Wewe mwenyewe umenithibitishia: ulifungua ‘Curtain’ na ukaona mara moja kwamba kila kitu kiko mahali pake. Mtu ambaye uzi unamponyoka asingeuona. Hata hivyo, usiitumie barua yangu kama cheti. Katika umri wako usahaulifu una sababu nyingi zinazotibika: usingizi mbovu, kukoma hedhi, shinikizo la damu, tezi ya shingo, upungufu wa vitamini B12, sonona, hata huzuni ya msiba isiyopewa nafasi. Ukiona unauliza jambo ambalo umeshajibiwa, au umepotea njia unayoipita kila siku, au mahesabu uliyokuwa ukiyafanya kwa urahisi yanakushinda, au watu wa nyumbani wanatazamana ukizungumza, nenda hospitali ukaonane na daktari ana kwa ana, na umweleze habari za baba yako. Hata kama hayo yote hayapo, kama hofu hii inakukosesha usingizi, hiyo yenyewe ni sababu ya kutosha ya kwenda. Na umwambie mumeo. Daktari atataka kumsikia mtu anayeishi nawe, maana msahaulifu hawezi kuhesabu alichosahau. Zaidi ya hapo, sioni kwa nini uibebe peke yako hofu uliyoirithi kwa baba mliyemuuguza pamoja.

Kuhusu watoto: wasifuate majalada. Waanze na ‘Peril at End House’ cha 1932 au ‘A Murder Is Announced’ cha 1950. Hivyo viwili vinamfundisha mtu namna ya kusoma bila yeye kujua kwamba yuko darasani. ‘Roger Ackroyd’ kiwe cha tatu au cha nne, baada ya kuzoea desturi, maana asiyeijua desturi hataona ilipovunjwa. ‘Curtain’ kikae mwisho kabisa. Vile vya baada ya 1967 viweke chini ya sanduku. Hakuna haja ya kuvitupa, wala ya kumpa kijana wa miaka 16 akahukumu kazi ya miaka 50 kwa kitabu cha mwaka mmoja. Kama nao wana hamu ya kuonja upelelezi katika lugha yao, watafutie visa vya mpelelezi Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla: ‘Mzimu wa Watu wa Kale’ kilitoka 1960, na kiko chake na mwenzake Najum watawakumbusha wanao jamaa fulani wa London, Sherlock Holmes na Watson wake.

Wewe binafsi umebakiwa na ‘Sleeping Murder’. Kisome ukijua kwamba ni kile cha akiba, cha miaka ile ya vita. Utamkuta katika nguvu zake. Kisha tafuta ‘Absent in the Spring’, kilichotoka 1944 kwa jina la Westmacott. Mwanamke wa makamo ametoka kumwona binti yake Baghdad, mvua inaharibu njia, treni haifiki, naye anakwama siku kadhaa kwenye nyumba ya wageni ya kituo cha reli jangwani, vitabu alivyokuwa navyo amevimaliza, hana mtu wa kuongea naye, mpaka analazimika kuyatazama maisha yake. Christie alisema alikiandika kwa siku tatu. Mtoto wa karani wa reli atakisoma vizuri kuliko mimi.

Na ‘Postern of Fate’ usikisome mara ya tatu kutafuta muuaji. Lakini kuna kurasa nakuomba urudi kuzitazama, zile za Tuppence anapokwenda kwenye chumba cha vioo bustanini, akakuta vitu vya watoto wa zamani: farasi wa mbao anayeitwa Mathilde, na kigari kinachoitwa Truelove. Msomaji wa upelelezi anachanga pale akidhani ni vidokezo, na kwa kiasi ni vidokezo kweli. Lakini vitu hivyo vilikuwepo duniani. Farasi huyo na kigari hicho vilikuwa vya Agatha alipokuwa mtoto mdogo katika nyumba ya wazazi wake, Ashfield, mjini Torquay. Amevitaja kwa majina yake katika kitabu cha maisha yake. Hata kile chumba cha vioo, chenye jina lake la kitoto, ni cha huko. Nyumba yenyewe ilikuwa imekwisha kubomolewa katika miaka ya 1960. Bibi wa miaka 83, mpangilio wa kisa umemponyoka, tarehe zimemponyoka, anaingia tena kwenye nyumba isiyokuwepo na kumkuta farasi wake mahali alipomwacha. Jina lake analikumbuka.